Miguu Nilikuwa Nayo, Kundi Ndo Sikulijua

Asubuhi ya siku ya pili yake nilivyoamka, kitu cha kwanza kuuma hakikuwa mapaja, vilikuwa vidole. Yaani nashindwa hata kufungua kifuniko cha dawa ya meno. Kilomita 60 za mashindano yangu ya kwanza ya baiskeli barabarani nilizipiga nimekamatia breki kama mtu anayening'inia kwenye tawi, na hapo ndo nikaanza kuwakasirikia kidogo wote walionipa ushauri kabla ya hiyo siku, maana kila mtu alikuwa anaongelea miguu tu. Fanya milima, ongeza kilomita, pumzika siku mbili kabla, kula vizuri. Sawa, nimefanya. Halafu?

Miguu nilikuwa nayo bana. Miezi napanda milima peke yangu alfajiri, nina kikompyuta kwenye hendeli kinanionesha spidi na mapigo ya moyo, najua kabisa naweza kukaa kwenye mapigo 175 kwa dakika 20 na nisife. Na nilikuwa nimeangalia sana video za Biniam Girmay, yule mwendesha baiskeli wa Eritrea, akishinda zile hatua 3 za mbio za Tour de France 2024, anavyopenya katikati ya watu utadhani anapita sokoni, nikajiambia mbona kazi ni kukanyaga pedali tu. Kwenye video husikii kelele, hilo ndo tatizo la video.

Sa fikiria, tuko kama 50, tunatoka nyuma ya gari la waandaaji mwendo wa taratibu, gari likatoka pembeni, na papo hapo dunia ikabadilika. Minyororo inalia, matairi yanavuma, watu wanapiga kelele "shimo!", "kulia!", "pole pole!", na namba yangu mgongoni nimeibana na pini 4 tu kwa hiyo inapiga pap pap pap njia nzima (weka pini nyingi, ibane mpaka iwe kama ngozi, hili nakupa bure). Kiwiko cha mtu kikanigusa nikashtuka nikagusa breki. Nyuma yangu likaja tusi. Sitaliandika hapa.

Na hiyo breki ndogo ndo iliyoniua. Tatizo sikuelewa kundi linavyofanya kazi. Nilijua kwamba ukijificha nyuma ya wenzako upepo unakuwa mdogo, hilo kila mtu anajua, ila nilidhani nyuma ni nyuma, popote tu sawa. Kuna wanasayansi mwaka 2018 walipima kwenye handaki la upepo mfano wa kundi la waendesha baiskeli 121, wakakuta walio ndani kabisa kuelekea nyuma wanakutana na ukinzani wa upepo wa asilimia kati ya 5 na 10 tu ya ule anaokutana nao mtu aliye peke yake. Niliposoma hiyo kitu nikaona basi mkiani ndo peponi, naenda kulala huko mpaka kilomita za mwisho. Kumbe hesabu hiyo ni ya kundi linaloenda spidi moja limetulia, na barabara yetu ilikuwa na kona 7 kila mzunguko, mizunguko 6.

Kona inafanya hivi: wa mbele wanapunguza kidogo sana wanapita, wa katikati wanapunguza zaidi, ukifika wewe wa mwisho karibu unasimama, halafu unainua macho unaona wa mbele washatoka kwenye kona wako spidi kamili. Kundi linavutika kama mpira na wewe ndo uko kwenye ncha. Inabidi ukimbie kama umeiba ili uwafikie, unawafikia, kona nyingine hii hapa. Sasa zidisha mara 42. Wenzangu wa mbele walikuwa wanapiga stori, wallahi niliona mtu anacheka.

Na mi naingia kwenye kona na gia kubwa, kwa hiyo kutoka ni kama kusukuma kabati. Zamani UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, walikuwa wanawabana vijana wa mbio za barabarani kwenye gia, mzunguko mmoja wa pedali usiipeleke baiskeli zaidi ya mita 7.93, wakaiondoa hiyo sheria mwaka 2023. Kuna wakati natamani ningebanwa tu, ningejifunza kuzungusha miguu haraka badala ya kukanyaga kama nachimba msingi.

Mzunguko wa nne kikaja kile kipande kina kamlima kadogo, kamlima ambako peke yangu nakapanda huku nanywa maji. Mtu aliyekuwa mbele yangu akaacha nafasi ya mita kama mbili hivi kati yake na mwenzake, nikasubiri aizibe, hakuiziba, zikawa tano, nikasema nimzunguke, nikakuta miguu haipo. Sio uchovu wa kawaida, ni kama umeme umekatika. Nikaona migongo yao inapungua pole pole, na ule mvumo wa matairi ukaisha, nikabaki na namba yangu tu pap pap pap.

Nilivyofika mwisho watu wa meza ya matokeo walikuwa wanakunja viti. Nikatoa chupa, zote mbili zimejaa. Jeli za kuongeza nguvu mfukoni, zote tatu zipo. Karibu masaa mawili sijanywa wala kula, na sio kwamba nilisahau, niliogopa kutoa mkono kwenye hendeli nikiwa katikati ya watu.

Ndo maana nasema makocha mnatuonea. Mnampima mtu pumzi, mnampima mapaja, mnamwambia uko tayari, halafu mnamtupa ndani ya watu 50 wakati hajawahi hata siku moja kuguswa bega akiwa kwenye mwendo. Najua jibu lenu, "mashindano yenyewe yatamfundisha". Yatamfundisha ndio, kwa mtulinga wa nani? Maana tairi lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, mara nyingi wewe wa nyuma ndo unaenda chini, na hauendi peke yako. Kabla ya kunipa ratiba ya milima nipeni mwezi mmoja wa kugongana viwiko.

Kuna kaka mmoja mkubwa kidogo alinikuta nimekaa chini nakunywa yale maji ya moto ya kwenye chupa, akasema, "Dogo una miguu, ila breki zako zimefanya kazi kuliko wewe." Akacheka akaondoka.

Mashindano yanayofuata ni wiki 6 zijazo. Milima nimeipumzisha kwanza, jioni nashinda uwanjani kwenye nyasi na wenzangu watatu, tunaenda mwendo wa kinyonga bega kwa bega tunasukumana, mmoja wetu lazima aanguke kila dakika kumi, na kwenye nyasi hakuna anayeumia. Jana nimetoa chupa, nimekunywa, nimeirudisha bila kuiangalia, mtu kaniegemea upande huu. Juzi nilijaribu nikajimwagia sikioni.