Chumba cha Noriko

Tokyo Story, filamu ya Yasujirō Ozu ya mwaka 1953, haina rangi, inachukua zaidi ya saa mbili, na hakuna anayempiga mwenzake hata kofi. Wazee wawili wanatoka mji mdogo wa Onomichi, wanapanda treni kwenda kuwaona watoto wao Tokyo, wanarushwa huku na huko, wanarudi kwao, na mama anafariki. Niliitazama na majirani wawili hapa Migosi, Kisumu, kisha tukabishana hadi usiku wa manane: wale watoto wana hatia au hawana?

Mama wa nyumba ya chini, ambaye wanawe wote wako Nairobi, hakuwasamehe. Ushahidi wake ni Shige, binti mwenye saluni. Mumewe akiwanunulia wazee keki, anamkaripia kwamba ni ghali mno kwa wageni hao. Akiulizwa wale ni nani, anajibu kuwa ni watu wa mashambani anaofahamiana nao tu. Baada ya mazishi ya mama yao, wakiwa bado mezani, Shige anaulizia nguo za marehemu.

Kijana wa bedsita ya juu aliwatetea. Kaka mkubwa, Koichi, ni daktari. Jumapili aliyopanga kuwatembeza wazazi inavunjika kwa sababu kuna mtoto mgonjwa anayemhitaji. Angefanya nini? Hata meza ya kusomea ya mwanawe imehamishiwa kwenye ujia ili babu na bibi wapate pa kulala.

Ubishi ulikolea tulipofika sehemu ya Atami. Watoto wanachanga pesa na kuwapeleka wazazi huko, kwenye mji wa chemchemi za maji moto, wanalazwa katika hoteli yenye kelele za wacheza mahjong, mchezo wa vigae. Mama wa chini aliona ni kufukuzwa. Lakini kwetu, kwa Waluo na kwa Waluhya wengi, ni mwiko mzazi kulala katika nyumba ya mtoto aliyeoa au kuolewa. Watu wa hapa mjini hukodi chumba cha gesti kwa ajili ya wazazi, na hiyo ni heshima. Kwa hiyo mimi silaumu kitanda cha kukodi. Ninacholaumu ni kwamba hakuna hata mtoto mmoja aliyefuatana nao. Kwetu, mzazi akilala gesti, asubuhi kuna mtu mlangoni na chupa ya chai.

Halafu yuko Noriko, mkaza mwana, mjane wa mtoto wao aliyefia vitani. Anaishi chumba kimoja katika jengo la kupanga, mfano wa singo rumu zetu za Nyalenda au za Kaptembwo kule Nakuru. Anaomba ruhusa kazini awatembeze wazee kwa basi. Hana pombe ya kumkaribisha baba mkwe, anagonga kwa jirani na kuazima, pamoja na kikombe cha kunywea. Tukio hilo fupi la kuazima lilimfanya mama wa chini apige makofi, anayajua maisha ya ploti, nyumba za kupanga.

Kiswahili kina neno moja, nafasi, kwa mahali na kwa wakati. Koichi na Shige hawana nafasi, si ya mahali wala ya wakati. Noriko anayo, ila kijana aliuliza swali ambalo bado linanisumbua: aliipata wapi? Hana watoto, hana biashara, na mama mkwe analala kwenye godoro la marehemu mwanawe. Nafasi ile ilifunguliwa na kifo.

Kwa hiyo Koichi namwachilia. Shige siwezi. Kuwakana wazazi mbele ya watu hakupunguzwi na udogo wa nyumba wala wingi wa kazi. Kusema "hawa ni wazazi wangu" hakuhitaji chumba.

Hata hivyo Noriko mwenyewe hawalaumu. Kyoko, kitinda mimba, anapowakasirikia kaka na dada zake, Noriko anamwambia kuwa watoto huwa mbali na wazazi kadiri wanavyokua, na kwamba naye huenda akawa hivyo. Mama wa chini alisisitiza kwamba hayo ni maneno ya adabu tu. Nililirudia tukio lile mara mbili. Kyoko anauliza kama maisha hayavunji moyo, na Setsuko Hara, aliyemwigiza Noriko, anatabasamu na kukubali. Sikuona adabu katika tabasamu lile. Niliona mtu anayejijua.