Yoga Shela, msichanganye mambo

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako ya yoga hapa Shela, kijiji chetu kisiwani Lamu, hapo uliposema yoga ni mazoezi tu kama kukimbia umeruka kitu, yoga imetoka kwa Wahindu na wenyewe hawafichi, zile mantra, yaani maneno ya ibada wanayoyarudia-rudia, ile Om, sauti yao takatifu, ile surya namaskar ya kulisalimia jua, zote zina maana kwenye imani yao. Lakini na hao mashekhe uliowanukuu, eti kila anayenyoosha mgongo keshaingia ushirikina, nao wapunguze jamani. Malaysia 2008 baraza lao la fatwa lilikataza ile yenye mantra na ibada ndani, Indonesia 2009 maulamaa wakasema karibu hayo hayo ila mazoezi matupu hayana neno, na Saudia 2017 wakairuhusu kama spoti!! Na si Waislamu pekee, Vatican nao 1989 waliwatolea Wakatoliki barua ya tahadhari.

Mimi nakaa hapa hapa Shela. Kuna dada mtaani kwetu anafundisha kina mama wenye kiuno kibovu juu ya paa, mabuibui yametundikwa ukutani, hakuna Om wala sanamu, wanaanza kwa bismillahi na adhana ikilia mikeka inakunjwa. Haramu iko wapi hapo, nauliza tu.

Kinachonikera mimi wallahi ni wageni wa tamasha la yoga kupita vichochoroni na taiti mpaka mlangoni mwa msikiti, wenye hoteli wanaona na wamenyamaza, wazee wakae nao hao kwanza.