Idhini ya Google huamuliwa siku unayochagua ruhusa

Wanafunzi wanaotengeneza programu ya kufundishia huacha suala la idhini ya API (njia ya programu yako kutumia huduma za Google) mpaka wiki ya mwisho, wakidhani ni fomu ya kujaza tu. Kwa maoni yetu, fomu ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoamua ni ruhusa ulizoandika kwenye msimbo miezi kadhaa kabla.

Chukua programu ya kutunga majaribio ya hisabati. Mwalimu anaingia kwa akaunti ya Google, anatunga maswali, yanahifadhiwa kwenye Drive yake, yaani hifadhi ya mafaili ya Google, kisha darasa linayapata Google Classroom, jukwaa la masomo la Google. Anayeandika msimbo huomba ruhusa ya "drive" yote kwa kuwa ndiyo aliyoikuta kwenye mfano alionakili. Hapo amejifunga mwenyewe. Ruhusa hiyo imo katika kundi lililobanwa zaidi, na data ikipita kwenye seva yako utadaiwa ukaguzi wa usalama unaorudiwa kila mwaka. Mwanafunzi ataupata wapi muda na fedha za kazi hiyo? Ruhusa ya "drive.file" hugusa mafaili ambayo programu imeyaunda au mtumiaji ameyachagua, basi. Haihesabiwi kuwa nyeti, na kwa kazi hii inatosha kabisa.

Upande wa Classroom, jiulize kwanza kama unaihitaji API yenyewe. Kama shida ni kufikisha kiungo cha jaribio darasani, kitufe cha Classroom cha kushiriki kiungo kinamaliza kazi, wala huombi idhini yoyote. API iombe pale tu unapotaka kusoma orodha ya wanafunzi au kurudisha alama.

Hali ya majaribio, yaani kuitumia programu kabla Google haijaihakiki, ina mtego wake. Unaandikisha watumiaji wasiozidi 100, na nafasi iliyokwisha kutumika hairudi hata ukimfuta mtu. Aidha, ridhaa ya mtumiaji huisha baada ya siku 7. Ndiyo maana programu iliyofanya kazi vizuri Jumatatu inaanza kutoa kosa la "invalid_grant" Jumatatu inayofuata, na vijana wanakesha wakitafuta hitilafu isiyokuwepo kwenye msimbo.

Ukifika kuomba uhakiki wa Google, andaa ukurasa wa mwanzo unaofunguka bila kuingia, kwenye kikoa (anwani ya tovuti) unachokimiliki na ulichokithibitisha kupitia Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti. Ukurasa wa Facebook haukubaliki. Sera ya faragha iwekwe humo humo, itaje data unayochukua, unaihifadhi wapi na inafutwaje. Usinakili ya mtu mwingine: sera inayosema mnauza matangazo, ilhali hamuuzi, itawaponza. Na kama watumiaji ni watoto, kumbuka kuwa sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi.

Video ya kuwaonyesha wahakiki jinsi programu inavyotumia ruhusa hurudishwa mara nyingi. Ipakie YouTube kama isiyoorodheshwa. Ionyeshe mtumiaji akiingia tangu mwanzo, ukurasa wa ridhaa ukiwa kwa Kiingereza, jina la programu, na anwani ya kivinjari ikionekana pamoja na namba ya utambulisho wa programu (client ID). Kisha onyesha kila ruhusa ikifanya kazi. Ruhusa isiyoonekana ikitumika, iondoe kwenye maombi.

Kama programu ni ya shule moja yenye Google Workspace, hayo yote yanaepukika: fungua mradi wa Google Cloud, mahali programu inaposajiliwa, ndani ya akaunti ya shule na uchague matumizi ya ndani. Hakuna uhakiki, hakuna kikomo cha 100. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, msimamizi wa mfumo wa shule huenda akahitaji kuiruhusu programu kwa namba yake. Mpelekee namba hiyo pamoja na orodha ya ruhusa na sababu ya kila moja.

Jambo la mwisho: mradi uwe na wamiliki wawili, mmoja wao mwalimu. Barua pepe za wahakiki huenda kwa wamiliki na wahariri wa mradi, na anwani ya mwanafunzi aliyehitimu huweza kufungwa kabla jibu halijafika.