Sh na ch mtoto anazo tayari

Mwalimu anaandika ubaoni neno ship na darasa zima linaitika kwa nguvu: es, echi, ai, pi. Anauliza, "Haya, neno gani hilo?" Wawili watatu wanabahatisha, wengine wanarudia es, echi. Majina ya herufi hayawezi kuzaa neno hata ukiyaimba mpaka kengele ya mapumziko. Neno linatokana na sauti, na hapo sauti ni tatu tu: sh, i, p. Herufi mbili za mwanzo zimeungana kutoa sauti moja, na mtoto anayezitaja mbalimbali hawezi kuifikia.

Kwa kuwa mtaala wa 2023 umeleta somo la Kiingereza darasa la kwanza hapa Tanzania, jambo hili si la shule za kulipia peke yake tena. Nina maoni yangu kuhusu namna ya kufundisha hii miambatano inayoanza maneno ya Kiingereza, yaani sh, ch, th, wh na ph, na ninayasema kwa sababu naona muda mwingi unapotea pasipostahili.

Tunafundisha kana kwamba mtoto wetu ni wa Uingereza. Kule mtoto huanza na herufi moja moja, s, a, t, p, kisha baada ya majuma kadhaa anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba herufi mbili zinaweza kutoa sauti moja. Kwake hilo ni jambo geni kabisa, ndiyo maana vitabu vyao vinakwenda polepole hapo. Mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili ameshaimba sha she shi sho shu na cha che chi cho chu. Anasoma shamba, shimo, chai, chura. Herufi ni zilezile na sauti ni ileile. Mwambie tu, "Hii sh ya Kiingereza ndiyo ile ya shimo," kisha endelea.

Na ukiendelea, endelea na silabi alizonazo. Andika sho, aisome. Ongeza p mwishoni: shop. Andika chi, ongeza n: chin. She inakuwa shed, che inakuwa chest. Anza na e, i na o, maana irabu a na u za Kiingereza zinacheza sana na zitamchanganya kabla hajapata ujasiri. Ukifika hapo utagundua kwamba shida ya mtoto wetu haiko kwenye sh. Iko mwisho wa neno. Atasema shopu, chini, shedi, kwa sababu lugha yake inapenda neno liishie kwenye irabu. Mwoneshe midomo inavyofungwa kwenye p na kubaki imefungwa. Mpe kioo kidogo ajitazame. Hapo ndipo dakika zako zinapohitajika.

Sasa th. Hii ndiyo kazi yenyewe, na hapa naomba tuwe wakweli: wengi wetu, walimu na wazazi, tunasema selasini na zahabu. Mtoto aliyekulia kwenye selasini hana th ya kuhamishia kwenye Kiingereza, kwa hiyo think kwake itakuwa sink na three itakuwa sri. Tukimsahihisha kwenye Kiingereza huku tunaacha thelathini ya Kiswahili ipite hivyohivyo, tunafanya kazi nusu. Anza na thamani, thumni, methali. Sauti ikikaa kwenye lugha anayoiota usiku, kuipeleka kwenye thumb na thorn ni hatua fupi.

Kuna walimu ambao wamekuwa wakifundisha sauti hii vizuri kuliko sisi kwa miaka mingi, nao ni maustadhi wa chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Mtoto wa Tanga, Mombasa au Unguja anayesoma herufi za Kiarabu, alifu, be, te, the, jimu, ameshaambiwa mara nyingi kwamba the si sini na dhali si ze: toa ncha ya ulimi, iguse meno ya juu, puliza. Hayo ndiyo maelekezo ya th ya Kiingereza, neno kwa neno. Sijui kwa nini mwalimu wa asubuhi na ustadhi wa jioni hawakai pamoja kuzungumza, wakati wanamfundisha mtoto yuleyule kitu kilekile. Kwa khati ya Kiarabu, tena, kila moja ya sauti hizo ina herufi yake moja. Hata Kiingereza cha kale kiliandika th kwa herufi moja, kama ile iliyoitwa thorn, kabla haijaachwa.

Ugumu mwingine ni kwamba Kiingereza kinaandika th kwa sauti mbili ambazo Kiswahili kimezitenganisha kwa busara kuwa th na dh. Mtoto aweke vidole viwili kooni aseme thamani, kisha dhahabu, akivuta sauti ya mwanzo. Kwenye dhahabu koo linatetema, kwenye thamani limetulia. Baada ya hapo mpe kanuni ambayo nashangaa haimo kwenye chati nyingi. Mwanzoni mwa neno, yale maneno madogo ya kuonesha na kuunganisha, the, this, that, they, them, there, then, hutamkwa kwa dh. Majina ya vitu, vitenzi na sifa, thumb, thing, think, thin, thick, hutamkwa kwa th. Mtoto wa miaka sita hahitaji kujua neno kitenzi; anahitaji orodha hizo mbili ukutani, kila moja kwa rangi yake.

Lugha ya nyumbani nayo ina sehemu yake. Kwenye Gikuyu herufi th husomwa kwa sauti ya dh, kwa hiyo mtoto wa Nyeri, Kenya, anayesema dhri badala ya three anasoma kama alivyofundishwa. Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sh, ndiyo maana fish hugeuka fis. Mwalimu anayejua haya hamwiti mtoto mzito. Anajua aanzie wapi.

Chati zenyewe zinanikera. Ch ni cherry, th ni thimble, wh ni whale. Mtoto wa Singida anajifunza sauti asiyoijua kupitia kitu asichokijua. Chicken, chair na chalk vimo humo humo darasani au uani. Shirt na shoes amevaa. Thumb anao mkononi. Na ukitaka chati bora kuliko zote, fungua daftari la mahudhurio. Utamkuta Shabani, Chausiku, Thabiti, Sophia, Joseph. Ph ambayo tungeihangaikia juma zima, Sophia ameibeba tangu alipobatizwa. Humo pia mna Christina na Thomas, ambao ch yao ni k na th yao ni t, na Christopher mwenye ch ya k na ph ya f ndani ya jina moja. Watoto hufurahi mno jina la mwenzao likiwa somo, na kupitia majina hayo wanakubali mapema kwamba Kiingereza kina vighairi, bila kuvunjika moyo.

Wh nisiikalie sana. Wengi duniani wanaitamka w tu: what, when, white. Who na whole ni h. Yafundishwe kama maneno ya kukaririwa.

Haya yote yanahitaji Kiswahili kiwe halali ndani ya kipindi cha Kiingereza, na hapo ndipo nagombana na shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu amesema Kiswahili. Ni aibu kwa mtoto, na pia ni upotevu wa nyenzo: unamnyang'anya sh na ch alizokuja nazo kutoka kwa mama yake, kisha unamuuzia upya kwa ada.

Wazazi wengi huniuliza watajuaje kama mtoto anasoma au amekariri kitabu. Uingereza, tangu 2012, watoto wa mwaka wa kwanza wanapimwa kwa maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni, yasiyo na maana yoyote. Fanya hivyo nyumbani. Andika shob, chid, theg kwenye karatasi, mwite mtoto mmoja mmoja, mwambie ni majina ya wanyama wa kuchekesha. Akisema shobu, mazoezi yake ni ya mwisho wa neno. Akisema seg, rudini kwenye thamani na kioo. Akianza kukutajia es na echi, nenda shuleni kesho asubuhi ukaongee na mwalimu wake.