Aliambiwa au alishauriwa?

Habari mliyochapisha kuhusu meli iliyoingia bandarini inasema nahodha wake "alikaidi amri ya bandari" kwa kuwa aliambiwa kwenye redio asubiri nje, naye akaingia. Hapo mwandishi ameruka jambo. Kwa lugha sanifu ya mawasiliano ya baharini, ile iliyopitishwa mwaka 2001 na IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, mtu wa bandari anayeongoza safari za meli akiwa nchi kavu anaweza kutanguliza neno moja linaloupa ujumbe uzito wake: taarifa, onyo, ushauri au agizo. "Ushauri: subiri nje ya boya la kwanza" nahodha anaupima mwenyewe. "Agizo: usiingie kwenye njia ya meli" ni kitu kingine kabisa. Hilo lina nguvu ya kisheria, na kama ana sababu ya kiusalama ya kutolitii, lazima aitaje hapo hapo redioni. Kunyamaza hakuruhusiwi.

Tena agizo lenyewe linapaswa kusema matokeo yanayotakiwa, siyo namna ya kuyafikia. Mtu aliyekaa mbele ya skrini ya rada hamwambii nahodha azungushe usukani nyuzi ngapi. Haoni upepo unavyoisukuma meli ile. Usukani ni kazi ya nahodha na rubani wake, yaani mjuzi wa maji ya bandari anayepanda melini kumsaidia.

Kuna pia masharti ya kudumu, kama ukomo wa mwendo na idadi ya tagi (vyombo vidogo vinavyovuta na kusukuma meli), ambayo huchapishwa mapema na kuzihusu meli zote. Hayo hayasubiri redio.

Kwa hiyo mwandishi, rekodi ya redio inasema neno gani? Maana mazungumzo hayo kwa kawaida hurekodiwa bandarini, na kwenye meli kubwa melini pia.