"Mama, tutarudi lini nyumbani?"

Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la sita aliniuliza swali lililonikata maini: "Mama, tutarudi lini nyumbani?" Aliniuliza tukiwa nyumbani. Alikuwa amekaa koridoni juu ya godoro lililokunjwa, daftari la hesabu mapajani, vumbi la msasa limemjaa kwenye nyusi. Fundi alisema kupaka rangi sebule ni siku tatu. Siku hiyo ilikuwa ya tisa.

Pirika za Shabani hapa Tanga tunazijua sote: nyumba ipakwe, mapazia yabadilishwe, Ramadhani iingie kila kitu kinang'aa. Nazipenda, na sitaziacha. Ila jioni ileile wifi yangu alipita, akanikuta na ukili mkononi, ule msuko mrefu wa kushonea mkeka, akasema, "Wifi, weka hayo majani chini uangalie watoto." Rangi iliyotuhamisha hakuiona. Aliona ukili!

Hapo ndipo ninapokataa, na nitakataa mpaka kesho. Bibi yangu kule Pangani alisuka mikeka huku akilea watoto saba, na hakuna aliyelala koridoni kwa ajili ya mkeka. Ukindu ukishaanikwa na kuchanwa, chane zikachemshwa na rangi, kazi iliyobaki ni ya vidole tu. Macho yako huru, masikio yako huru. Unasuka mtoto akikusomea kwa sauti, wali umeupalia makaa. Mdogo akilia unauweka ukili chini. Ukirudi baada ya saa moja au wiki mbili, ukili uko palepale, unachopeka chane mpya unaendelea. Ukitosha urefu, unaushona ukingo kwa ukingo mpaka upate mkeka. Kofia za mkono nazo ni hivyo hivyo. Mama yangu alimaliza moja akimuuguza baba, miezi mingi, sindano ikisimama kila baba alipotaka maji. Kazi hizi zilikuzwa na wanawake wenye watoto mgongoni, ndiyo maana zinakubali kukatizwa.

Ukuta haukubali. Ukishapigwa skimu, ile lipu laini ya juu, nyumba nzima inaufuata: msasa, vumbi, rangi mkono wa kwanza, mkono wa pili, na hiyo rangi ya mafuta ambayo harufu yake hailaliki. Makochi yanahamia chumbani, watoto wanahamia koridoni, chakula cha jioni kinaliwa kwa zamu, na hesabu za shule hazina pa kufanyiwa.

Haya, nakiri: jikoni palikuwa peusi kwa moshi na pasingengoja. Lakini sebule niliivuruga kwa sababu ya picha niliyoiona kwenye simu, na katika sebule ile ya pichani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma.

Chumba kimoja kimoja, basi, na si siku za shule. Na baba yao naye ana mikono miwili ya kurudisha makochi jioni ileile.

Jana fundi alipiga simu kuulizia chumba cha watoto. Nimemwambia mwezi wa sita, wakiwa wamekwenda likizo. Mkeka wangu umebakiza upande mmoja, na mdogo ameniomba achague rangi ya chane zilizobaki. Amechagua zambarau.