Mdomo kabla ya vijiti

Mpiga ngoma akichoka na safari za usiku na malipo ya kubahatisha, watu humwambia, "Si ufundishe tu?" Kana kwamba kufundisha ni kiti cha kupumzikia. Mimi naona ni kazi nyingine kabisa, na wapigaji hodari wengi hawaiwezi. Mikono yao imezoea mno hata wenyewe hawajui inafanya nini. Mwanafunzi akiuliza, anaambiwa "tazama hivi", kisha mdundo unapigwa tena kwa kasi ileile. Anatazama. Haambulii kitu.

Kipimo changu cha mwalimu ni kimoja: aweze kuuimba mdundo kwa mdomo, polepole, mikono ikiwa imetulia.

Mpiga ngoma Babatunde Olatunji aliliweza hilo. Alitoka Nigeria mwaka 1950 kwenda kusoma Morehouse College, Atlanta, akiwa na nia ya kuwa mwanadiplomasia. Ngoma ikamteka. Mwaka 1960 kampuni ya Columbia ilitoa albamu yake, Drums of Passion, nayo ikampa jina Marekani nzima. Angeweza kuishi kwa majukwaa tu. Lakini alifungua kituo cha utamaduni Harlem, mtaa wa New York, na mpaka uzeeni aliendelea kufundisha, hata watu ambao hawajawahi kugusa ngoma.

Njia yake ilikuwa silabi sita: gun, dun, go, do, pa, ta. Gun na dun ni mlio mzito wa katikati ya ngozi. Go na do ni mlio wa wazi wa ukingoni. Pa na ta ni mlio mkali, kofi hasa. Katika kila jozi, silabi ya kwanza ni ya mkono wa kulia, ya pili ya kushoto. Maana yake ni kwamba anayetamka "gun, go-do, pa-ta" ameshajua apige wapi, kwa mlio gani na kwa mkono upi, wala hajafunguliwa karatasi yoyote ya noti, yaani alama za muziki zilizoandikwa. Akikosea, kosa analisikia mdomoni kabla halijafika mkononi. Kwangu mimi silabi hizo ni kazi kubwa kuliko albamu yenyewe, na najua wapenzi wa albamu ile watanuna.

Kwa upande wa dramu za vijiti kuna mpigaji Alan Dawson, aliyefundisha Berklee, chuo cha muziki cha Boston, kuanzia 1957 hadi 1975. Wengi humkumbuka kwa lile zoezi lake refu la mapigo ya msingi ya vijiti, yanayofuatana bila kusimama huku miguu ikishika samba, mdundo wa Kibrazili, yote kwa kichwa. Zoezi zuri, na la kuchosha. Mimi navutiwa zaidi na jambo lingine alilowadai wanafunzi wake: waimbe melodia, yaani sauti kuu ya wimbo, huku wanapiga. Anayeimba melodia anajua wimbo umefika wapi. Hapotei katikati ya solo, wala hamfunikii mwenzake mwenye saksafoni kwa kelele za bure. Mpiga dramu Tony Williams alipita mikononi mwa Dawson akiwa bado mvulana, na mwaka 1963, akiwa na miaka 17, alikuwa kwenye bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi. Sisemi ni kuimba kulikomfikisha pale. Kijana yule alizaliwa na lake.

Noti zina kazi yake. Anayetaka okestra au studio atazihitaji, ajifunze. Ubishi wangu ni juu ya kuanza nazo, maana mwanafunzi huishia kuhesabu vidoa kwenye karatasi huku sikio limelala.

Basi wewe unayefikiria kufundisha, chukua mdundo unaoupiga bila kufikiri, uimbe kwa nusu ya kasi, ujirekodi. Ulimi ukikwama mahali, hapo ndipo mwanafunzi wako atakapokwama, nawe hutakuwa na la kumwambia. Tangazo la darasa lisubiri kwanza.